Tunawauliza Wauguzi Wasilolijua

Mwaka huu nimesikia lawama moja ikirudiwa katika mikutano mitatu tofauti, na kila mara msemaji alikuwa mtu aliyefika kwa gari la Serikali: kwamba wauguzi wa zamani wanawavunja moyo wanafunzi wa uuguzi. Mwanafunzi anapelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo akiwa na ari, anakutana na muuguzi aliyekaa kazini miaka ishirini na mitano, anamwamkia, anamwuliza, "Sista, unanishauri nini kuhusu kazi hii?" Naye anajibiwa, "Mwanangu, kama una njia nyingine, ipite hiyo." Msemaji akifika hapo hutikisa kichwa, hadhira nayo hutikisa kichwa, hutolewa wito wa uzalendo, kisha watu huenda kula.

Ninakusudia kuwatetea wauguzi hao, ingawa si kwa namna watakayoifurahia wote.

Tuanzie mahali mahususi, kwa sababu mjadala huu ukibaki hewani hugeuka mahubiri. Barabara inayopanda kutoka Boma Ng'ombe hadi Sanya Juu, wilayani Siha, humfikisha msafiri jirani na Kibong'oto, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ilijengwa huko mlimani kwa sababu ya kitabibu. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyokabili ugonjwa huo kwa uhakika, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo tiba ilikuwa hewa safi, chakula, mapumziko na uangalizi. Yaani katika miongo ile ya mwanzo muuguzi hakuwa msaidizi wa tiba. Kwa sehemu kubwa yeye ndiye aliyekuwa tiba yenyewe.

Mwaka 2009 hospitali hiyohiyo ikaanza kutibu kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Tiba ya wakati ule ilikuwa ndefu na chungu: karibu miaka miwili ya dawa, na katika miezi ya mwanzo sindano ya kila siku. Dawa zile za sindano zilijulikana kwa kuharibu usikivu. Sasa jiulize: ni nani anayebaini kwanza kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ameanza kupoteza usikivu? Daktari hupita asubuhi na kuondoka. Kipimo cha masikio hufanywa kwa ratiba. Muuguzi anayemchoma sindano kila siku ndiye anayegundua kwamba mtu huyu, aliyekuwa akiitikia salamu kutoka mlangoni, sasa anasubiri aone midomo ikicheza. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Lakini jicho lile la kuona badiliko dogo kabla halijawa janga halijapitwa na wakati, na halimo katika kidonge.

Au chukua jambo dogo zaidi: dirisha. Kitabu cha Florence Nightingale kuhusu uuguzi, kilichochapishwa mwaka 1859, kinaanza na suala la hewa ndani ya chumba cha mgonjwa, na hadi leo kanuni za kuzuia maambukizi ya kifua kikuu zinasisitiza madirisha yawe wazi. Mwanafunzi analijua hilo; amelijibu katika mtihani. Ila mtihani haukumwuliza afanye nini usiku wa Julai kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakati baridi inapenya hadi mifupani na wagonjwa waliodhoofika wanataka madirisha yafungwe. Ukiyaacha wazi kwa amri, watayafunga ukigeuka. Ukiyafunga kwa huruma, umemhatarisha kila aliyemo, wewe ukiwa wa kwanza. Kuna namna ya kuzungumza na mtu mzima anayetetemeka, mchimbaji aliyetoka Mirerani na kifua kilichojaa vumbi la mgodini, akubali blanketi la pili na dirisha lililo wazi bila kuona amedharauliwa. Hiyo inafundishwa na mtu mmoja tu: muuguzi aliyefanya hivyo mara mia tano.

Hiyo ndiyo elimu waliyo nayo. Sasa tutazame tunawauliza nini.

Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wa vyuo mbalimbali vya afya mkoani Kilimanjaro ni ushauri gani wanaoutafuta kwa wauguzi wazoefu. Majibu yanafanana. Nikimaliza stashahada nitapata ajira baada ya muda gani? Niendelee na shahada au nitafute kazi kwanza? Wapi kuna posho? Ni bora hospitali ya dini, ya binafsi au ya Serikali? Nibadili fani niende famasia au maabara? Ulaya mtu anaendaje? Na swali lililo chini ya maswali yote: Sista, una koneksheni?

Hayo si maswali ya kipuuzi. Ni maswali ya kijana ambaye familia yake imeuza ng'ombe au kahawa ya misimu miwili ili alipe ada. Tatizo ni kwamba muuguzi anayeulizwa hayajui majibu yake, wala hana sababu ya kuyajua.

Tazama alivyoingia kazini yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi mhitimu wa chuo cha uuguzi hakutafuta kazi, kazi ilimtafuta. Alimaliza mafunzo, akapangiwa kituo, akapewa barua, akapanda basi. Ushauri wake wa ajira unatoka katika ulimwengu huo, na ulimwengu huo umekufa. Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wa umma waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na vituo vya afya vikapoteza watu bila wengine kuingia kwa kasi ileile. Vyuo havikusimama kudahili. Kila mwaka viliendelea kutoa wahitimu, kila mwaka Baraza la Uuguzi na Ukunga liliendelea kuwatahini na kuwapa leseni, na kila mwaka foleni ikarefuka. Ajira zilipofunguliwa tena zilikuja kwa vipande, kwa vibali, kupitia mifumo ya maombi ya kielektroniki, zikigombewa na wahitimu wa miaka mitano au sita kwa pamoja.

Muuguzi wa umri wa miaka hamsini na mitano hajawahi kuomba kazi kwa mfumo huo hata siku moja. Akimwambia mwanafunzi "vumilia, utapangiwa", anampotosha kwa nia njema. Akimwambia "kimbia", anamweleza yale anayoyaona: mpwa wake mwenyewe yuko nyumbani na leseni mkononi, au anajitolea katika kituo cha afya kwa posho isiyotosha nauli. Kauli zote mbili ni za kubahatisha. Na mwenye takwimu halisi ananyamaza.

Huyo ndiye ninayetaka tumlaumu. Takwimu za ajira ya wauguzi si siri ya mizimu. Serikali inalipa mishahara kwa mfumo mmoja. Inajua tarehe ya kuzaliwa ya kila muuguzi aliye katika malipo yake. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kwa hiyo inajua, kwa kila halmashauri na kila hospitali, ni wauguzi wangapi wataondoka mwaka ujao, mwaka unaofuata, na miaka kumi baadaye. Inajua ikama, na Wizara ya Afya imekiri mara kadhaa kwamba pengo la watumishi ni kubwa mno, la karibu nusu ya mahitaji au zaidi. Inajua pia ni wangapi wamedahiliwa katika kila ngazi, maana vyuo vinasajiliwa na kudhibitiwa nayo. Kutoka namba hizo tatu mtakwimu wa kawaida anaweza kuandaa jedwali la kurasa mbili: nafasi zinazotarajiwa, wahitimu wanaotarajiwa, ngazi gani inahitajika zaidi na wapi. Jedwali hilo likibandikwa katika kila chuo kabla ya udahili, nusu ya maswali yanayomlemea Sista wodini yatakuwa yamejibiwa na anayestahili kuyajibu.

Halibandikwi. Badala yake tunampa mhitimu neno moja: jiajiri. Sijui ni nani aliyeona busara kumwambia muuguzi ajiajiri kama tunavyomwambia aliyesomea ushonaji. Nenda Sanya Juu siku ya soko. Mwenye nyanya ametandika gunia na kuanza biashara. Je, muuguzi naye atandike gunia, apange dripu na sindano? Hilo ni kosa la jinai, na ni haki liwe kosa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka awe na leseni, na huduma ya afya itolewe katika kituo kilichosajiliwa chenye masharti yake. Mtaji wa kituo cha namna hiyo binti wa miaka ishirini na mitatu autoe wapi? Anayemshauri hivyo akiwa jukwaani hajashauri kitu, amejivua mzigo.

Kuna mshauri mwingine hatari zaidi, naye ameingia kwa sababu uwanja uko mtupu. Ni dalali wa safari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na dalali ameinusa fursa. Humjia mhitimu aliyechoka kusubiri, humwambia kwamba hospitali fulani ya Uingereza imemtuma akusanye wauguzi wa Tanzania, na kwamba kinachohitajika ni "ada ya usajili". Hapa ushauri sahihi unawezekana, tena ni mfupi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo uhaba wake wa watumishi wa afya ni mkubwa, na Uingereza, kwa kanuni zake yenyewe, hairuhusu waajiri na mawakala kuja kuwatafuta wafanyakazi katika nchi hizo. Mtu binafsi hakatazwi kuomba kazi kwa hiari yake. Lakini anayejitambulisha kuwa ametumwa kuja kukusanya wauguzi Moshi, ama anavunja kanuni za anayedai kumtuma, ama hakutumwa na mtu. Na kanuni hizohizo zinakataza wakala kumtoza mwombaji ada ya kumtafutia kazi. Muuguzi anayetaka kwenda ataandaa mwenyewe mtihani wa lugha, mtihani wa kitaaluma wa kompyuta, uthibitisho kutoka Baraza letu, kisha mtihani wa vitendo atakapofika. Ni njia ndefu na ya gharama, lakini iko wazi kwa anayejua kusoma.

Mimi si katika wale wanaomwita msaliti kijana anayeondoka. Huwezi kumwacha mtu mlangoni miaka minne halafu ukamlaumu kwa kwenda kubisha kwa jirani.

Nilisema utetezi wangu hautawafurahisha wauguzi wote. Sababu ni hii. Wapo, na si wachache, ambao wamefanya ukali kuwa mtindo wa kufundisha. Mwanafunzi akifika wodini hutumwa chai, hutumwa vocha, husafisha meza ya dawa kwa wiki nzima bila kuelezwa dawa iliyo juu yake; akiuliza, anaambiwa "sisi hatukuuliza, tulitazama." Akikosea kuweka kanula anafokewa mbele ya mgonjwa. Utetezi wao ni kwamba hata wao walifanyiwa hivyo na wamekuwa wauguzi hodari. Huo si ushahidi. Wenzao walioacha kazi kwa ajili ya manyanyaso hayo hawapo wodini kutoa ushuhuda, kwa hiyo tunawasikia walionusurika peke yao. Na mwanafunzi aliyezoeshwa kutouliza atakuja kuwa muuguzi asiyeuliza, akikuta dozi imeandikwa vibaya ataitoa kama ilivyoandikwa.

Wanafunzi nao wana deni lao. Nimeona kijana amekaa wiki sita karibu na mtu anayeweza kumtambua mama anayeelekea kutokwa damu nyingi kabla damu haijaonekana, na katika wiki hizo sita akamwuliza kuhusu posho ya sare, posho ya kuitwa kazini na ni nani anayehusika na uhamisho. Hakumwuliza ulijuaje. Koneksheni, hata ikipatikana, itamfikisha mlangoni mwa wodi. Ndani ya wodi atakuwa peke yake na mama yule.

Hata hivyo sipendi kumaliza kwa kugawana lawama kati ya mkubwa na mdogo, kwa sababu wote wawili wanakutana katika mazingira ambayo hawakuyaunda. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wodi iliyojaa hawezi kufundisha. Si suala la moyo. Ana dawa za saa sita, ana mgonjwa anayehema kwa shida, ana vitabu vya kujaza, na mwanafunzi anayeuliza kwa nini anamchelewesha. Ushauri anaoutoa saa tisa usiku akiwa na miguu iliyovimba ni ushauri wa miguu iliyovimba. Mwanafunzi asingeusikia hivyo kama angeupata mchana, katika saa iliyotengwa, kutoka kwa mtu aliyelala.

Mwaka 1984 Patricia Benner, msomi wa uuguzi wa Marekani, alichapisha utafiti ulioonyesha jinsi muuguzi anavyopita ngazi tano kutoka anayeanza hadi bingwa, na jinsi maarifa mengi ya bingwa yanavyokaa ndani ya utendaji wake, hata mwenyewe asiweze kuyaeleza akiulizwa ghafla. Yanatoka kwa kusimulia kisa, kwa kusimama pamoja mbele ya mgonjwa mmoja na kuambiwa "tazama hapa". Kazi hiyo inataka muda. Na tusidhani ni wazo la kigeni. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Moshi kwa miongo kadhaa, alikusanya mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga yakajaza majuzuu matatu yaliyochapishwa kati ya 1932 na 1938. Majuzuu matatu! Wazee wa mlima huu hawakuamini kwamba kijana atajifunza utu uzima kwa kukaa karibu na watu wazima na kubahatisha. Kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na wakati, kulikuwa na mpangilio.

Sisi wenye wizara na mifumo tumeirudisha kazi hiyo kuwa sadaka. Muuguzi anayemlea mwanafunzi vizuri anafanya hivyo juu ya kazi yake, bila saa iliyotengwa. Tulikuwa na OPRAS, sasa tuna PEPMIS. Kote huko mtumishi hupimwa kwa majukumu aliyoandikiwa, na katika hospitali nilizozungumza na wauguzi wake sikumpata hata mmoja aliyeandikiwa kumlea mwanafunzi kama jukumu lenye uzito. Ada ya mafunzo ya vitendo ambayo vyuo hulipa hospitali huingia katika mapato ya jumla. Sista haioni.

Ninachodai ni kitu kinachoweza kuandikwa katika rosta ya zamu. Kila wodi inayopokea wanafunzi iwe na muuguzi mlezi mwenye jina, na saa zake mbili au tatu kwa wiki ziandikwe kama zamu, si kama hisani. Sehemu ya ada ya mafunzo ya vitendo ilipe saa hizo. Na kwa kuwa nitaambiwa wauguzi hawatoshi hata kwa wagonjwa, seuze kwa wanafunzi, jibu langu ni hili: wapo wanaostaafu kila mwezi. Mtu aliyetimiza miaka 60 akiwa na nguvu, aliyetumia miaka thelathini katika wodi za kifua kikuu au za wazazi, tunamwaga kwa keki na kitenge, na Jumatatu inayofuata yuko shambani kwake akipalilia migomba. Mkataba wa siku mbili kwa wiki, kufundisha tu, bila zamu ya usiku, ungekuwa na gharama ndogo kuliko semina moja ya hoteli. Wengi wangeukubali. Niliowauliza walikuwa wanne. Watatu walikubali kabla sijataja malipo, na wa nne alitaka kujua kwanza kama wanafunzi wa siku hizi wanasikiliza.

Siha ni mahali pazuri pa kujaribia, kwa kuwa ndani ya wilaya moja ndogo kuna hospitali maalumu iliyo chini ya Wizara ya Afya na hospitali ya wilaya iliyo chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI. Kila tunapolalamika kuhusu wauguzi, waajiri hawa wawili hutupiana mpira. Hapa mpira hauna pa kwenda mbali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Waganga wafawidhi, wauguzi wafawidhi na wakuu wa vyuo wanaosoma makala hii wanajua ni katika kikao gani kifungu cha namna hii huingizwa, na ni katika kikao gani hufutwa. Safari hii ningependa anayekifuta aandike jina lake.